Mshindo wa ghafla: Mwili hujibu kabla ya akili

Asubuhi ya Jumamosi, Julai 16, 2011, yapata saa nne, wakazi wa Thika na viunga vyake walisikia mshindo mkubwa kutoka angani. Halikuwa bomu, wala ndege iliyoanguka, wala baruti ya wachimba mawe. Kilikuwa kimondo, yaani jiwe kutoka anga za mbali, lililoingia katika hewa ya dunia kwa kasi iliyopita ile ya sauti mara nyingi, likapasuka na vipande vyake kuanguka mashambani. Mawe hayo yalikusanywa na kuchunguzwa, na leo yamo katika orodha ya kimataifa ya vimondo kwa jina la mji wetu: Thika.

Hapa Ngoingwa bado wapo wanaoikumbuka siku hiyo, na kila mmoja huieleza kivyake. Yupo anayecheka akisimulia jinsi alivyodondosha kikombe cha chai. Yupo anayesema aliendelea kupalilia kana kwamba hakuna lililotokea. Na yupo asiyecheka hata kidogo, kwa kuwa mshindo ule ulimfufulia mambo aliyodhani ameyazika. Sauti ilikuwa moja, masikio ni yale yale, lakini miili ilijibu kwa namna tofauti. Kwa nini?

Mpenzi msomaji, swali hilo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 60. Wamejenga vyumba maalumu vya kuigiza mshindo wa ndege zinazoruka kwa kasi kupita sauti, wakaketisha watu humo na kupima kope, mikono, mioyo na usingizi wao. Wiki hii tutatazama waliyoyagundua, kisha tujiulize yanatufaa nini sisi tunaoishi kati ya matimbo ya mawe, pikipiki zinazolipua ekzosi na fataki za mwaka mpya.

MSHINDO HUU NI NINI?

Chombo chochote kinachopita hewani huisukuma hewa iliyo mbele yake, kama mtumbwi unavyosukuma maji. Mawimbi hayo ya hewa husafiri kwa kasi ya sauti, ambayo ni kilomita zipatazo 1,200 kwa saa. Ndege ya kawaida ya abiria huenda polepole kuliko hapo, kwa hivyo mawimbi hutangulia na sisi husikia mngurumo unaokuja kidogo kidogo, unapanda, kisha unafifia.

Chombo kikipita kasi ya sauti, mawimbi hayawezi tena kukitangulia. Hurundikana pamoja na kuwa kama pazia moja la hewa iliyobanwa. Pazia hilo likikufikia hapo ulipo, shinikizo la hewa hupanda ghafla, hushuka chini ya kiasi chake cha kawaida, kisha hurudi kwa ghafla tena. Ndiyo maana mara nyingi mshindo wa ndege ya aina hii husikika mara mbili: pa-pa! Wengi hudhani mshindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapoivuka kasi ya sauti. La. Huiandama ndege njia yote, na kila aliye chini ya njia hiyo hupata sehemu yake.

Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuruka kwa kasi hiyo katika safari isiyo ya kushuka alikuwa rubani Mmarekani Chuck Yeager, Oktoba 14, 1947. Baadaye ndege ya Concorde ilibeba abiria kwa kasi hiyo kuanzia mwaka 1976 hadi 2003, lakini zaidi ikiwa juu ya bahari. Hapa kwetu, ndege za kivita aina ya F-5 za Jeshi la Wanahewa la Kenya zina uwezo huo. Hata hivyo, zinapopita juu ya uwanja katika sikukuu za taifa, ule mngurumo unaotikisa kifua ni wa injini zilizo karibu. Sio mshindo tunaouzungumzia.

Je, mshindo huu una nguvu kiasi gani? Hapa msomaji atashangaa. Ndege kubwa ikipita juu sana, shinikizo linaloongezeka hapa chini ni kama sehemu 1 kati ya 2,000 za shinikizo la kawaida la hewa. Tofauti hiyo ni sawa na ile unayoipata ukipanda ngazi kutoka ghorofa moja hadi nyingine, na kidogo zaidi. Ukipanda ngazi hushtuki, kwa kuwa mabadiliko huja polepole. Mshindo huleta mabadiliko yale yale katika vipande vidogo mno vya sekunde. Basi kinachomshtua binadamu si ukubwa peke yake. Ni ughafla.

KUUTENGENEZA NDANI YA CHUMBA

Mtafiti hawezi kungoja kimondo. Hawezi pia kurusha ndege ya kivita kila akitaka kumpima mtu mmoja. Kwa hivyo wataalamu walibuni njia ya kuuigiza mshindo. Chumba kidogo huzibwa vyema, na vipaza sauti vikubwa hufungwa ukutani. Kompyuta huviamuru visukume hewa kwa mpangilio ule ule wa ndege halisi: kupanda ghafla, kushuka, kurudi ghafla.

Katika kituo cha Langley, jimbo la Virginia, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lina chumba kilichopangwa kama sebule. Vipaza sauti vimepangwa nje ya kuta, hivyo sauti humfikia mtu aliye ndani kama ambavyo ingemfikia akiwa nyumbani kwake. Mtu huketi, husikia mishindo mingi ya viwango mbalimbali, na baada ya kila mmoja huandika umemkera kiasi gani.

Moja ya mafunzo yaliyotoka humo linatuhusu sana. Mshindo ukiandamana na mtikiso wa kiti, au kelele za vitu vinavyogongana kama vioo vya dirisha, huwakera watu zaidi kuliko mshindo wenyewe ukiwa peke yake. Anayeishi chini ya mabati yaliyolegea misumari anaelewa vyema. Sauti ya baruti kutoka timboni inaweza kuwa imefifia ifikapo kwake, lakini mabati huichukua na kuifanya kelele mpya ya hapo hapo juu ya kichwa. Kukaza misumari, kuziba pengo la kioo na kuweka kitambaa kati ya sufuria na rafu si mambo ya urembo. Ni dawa, tena ya bei nafuu.

MWILI HUFANYA NINI?

Sauti ya ghafla ikiingia sikioni, habari zake hazingoji kupelekwa kwenye sehemu ya ubongo inayofikiri. Hupita njia ya mkato kupitia shina la ubongo, na misuli huamriwa papo hapo. Kope hufumba kwanza, kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisha shingo hujikunja, mabega hupanda, viwiko na magoti hukunjika. Mwaka 1939 wanasaikolojia Wamarekani Carney Landis na William Hunt walichapisha kitabu kuhusu jambo hili, baada ya kuwapiga watu picha za sinema za kasi huku bastola ikifyatuliwa karibu nao. Waliona kwamba kufumba kope ndiko kunakodumu hata baada ya mtu kuuzoea mlio.

Katika miaka ya 1970, Richard Thackray na wenzake katika taasisi ya tiba ya usafiri wa anga huko Oklahoma City walitumia mishindo ya kuigiza. Waliwapa watu kazi inayohitaji mkono uliotulia, kisha wakawashtua. Kope ndizo zilizojibu zaidi. Mikono ilitikisika kwa baadhi yao, na mshindo ulipopunguzwa, waliotikisika walipungua. Sababu ya utafiti huo ni rahisi kuielewa: fikiria fundi aliyeshika msumeno wa umeme, dereva wa matatu katika barabara kuu ya Thika, au muuguzi anayemdunga mtoto sindano.

Baada ya misuli huja zamu ya homoni. Adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, viganja hutoka jasho. Kwa mtu mwenye afya, hali hii hutulia baada ya muda mfupi. Akili hufika mwisho, ikiuliza, "Kwani ni nini hicho?" Kwa hivyo ndugu msomaji, usimcheke anayeruka kwa mlio wa ekzosi. Hakuchagua kuruka. Mwili wake umetangulia akili, kama ulivyoumbwa kufanya.

Wengi huniuliza kama mshindo mmoja unaweza kuharibu mimba. Mtoto aliye tumboni huweza kushtuka kwa sauti kubwa, hasa kuanzia mwezi wa saba, na mama huhisi akiruka. Mshtuko mmoja wa namna hiyo hauiharibu mimba yenye afya. Lakini mama akiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, aende hospitalini mara moja, awe alisikia mshindo ama hakusikia.

USINGIZI HAULINGANI

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti Jerome Lukas na Karl Kryter wa taasisi ya Stanford, California, waliwalaza watu katika maabara na kuwasikilizisha mishindo ya kuigiza usiku. Katika uchunguzi mmoja walikuwa na watu 6 wa umri wa kati ya miaka 7 na 72. Watoto waliendelea kulala fofofo. Wazee ndio walioamka zaidi.

Watu 6 ni wachache, na hatuwezi kujenga sheria ya dunia nzima juu yao. Hata hivyo, matokeo hayo yanaafikiana na yale tunayoyajua kuhusu usingizi: kadiri umri unavyosonga, usingizi mzito hupungua, na mtu huwa rahisi kuamshwa. Nyanya anapolalamika kuwa muziki wa kilabu umemkesha huku wajukuu wakikoroma chumba kile kile, familia isiseme anatafuta visa. Wote wawili wanasema kweli.

Tena kutoamka si kutosikia. Sauti inaweza kumtoa mtu katika usingizi mzito na kumpeleka katika usingizi mwepesi bila yeye kufumbua macho, na moyo ukapiga kasi kwa muda. Asubuhi huamka amechoka na hajui sababu. Walinzi wanaofanya kazi usiku na kulala mchana jirani na vibanda vya kuchomelea vyuma hunijia na kichwa kinachouma, hasira za karibu na shinikizo la damu lisilotulia. Dawa ninazowapa husaidia, lakini pasipo usingizi husaidia nusu nusu. Tafiti za miaka mingi zimehusisha kelele za barabarani na za ndege zinazoendelea kila siku na maradhi ya moyo pamoja na shinikizo la damu. Mshindo mmoja hupita. Ule unaorudi kila usiku huacha deni.

MJI ULIOGEUZWA MAABARA

Chumba cha majaribio kina kasoro moja: mtu aliye ndani yake anajua atatoka jioni. Je, mji mzima ukipigwa mishindo kila siku, watu watazoea?

Serikali ya Marekani ilitaka kujua. Kuanzia Februari 3 hadi mwisho wa Julai 1964, ndege za kijeshi zilipita juu ya Oklahoma City kwa kasi kupita sauti, kwa kawaida mara 8 kwa siku. Mishindo 1,253 iliangushwa juu ya mji huo. Wakati huo huo, watafiti waliwahoji wakazi karibu 3,000, tena zaidi ya mara moja, ili waone mawazo yao yanabadilikaje.

Mwanzoni, zaidi ya watu 9 kati ya 10 walisema wanaweza kuishi na mishindo hiyo. Kama mazoea yangekuwa dawa ya kila kitu, idadi hiyo ingepanda. Ilishuka. Mwishoni ni asilimia 73 waliosema wanaweza kuvumilia mishindo 8 kwa siku, na asilimia 27 wakasema hawawezi. Vioo vilivunjika na malalamiko yakafika kwa maelfu.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini. Afisa mmoja anaweza kusema, "Robo tatu wameridhika, tuendelee." Daktari anaitazama ile robo iliyobaki na kuuliza: ni akina nani? Ni wazee? Wagonjwa? Akina mama wenye watoto wachanga? Wanaofanya kazi usiku? Wastani wa mji hauwezi kuumwa na kichwa. Anayeumwa ni mtu mmoja mmoja. Lipo pia suala la ridhaa. Aliyeketi katika chumba cha Langley alikubali mwenyewe na anaweza kuinuka aondoke. Mkazi wa Oklahoma City hakuwa na mlango wa kutokea.

Mwaka 1973 Marekani ilipiga marufuku ndege za kiraia kuruka juu ya nchi kavu kwa kasi kupita sauti, na makelele ndiyo yaliyokuwa sababu kuu. Sasa NASA inajaribu ndege iitwayo X-59, iliyoundwa kwa umbo refu lililochongoka ili mshindo wake uwe kama mlango wa gari unaofungwa mbali. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 28, 2025, huko California. Hata kabla yake, Novemba 2018, wakazi wapatao 500 wa Galveston, Texas, walijiandikisha kwa hiari kueleza wanavyohisi mishindo midogo iliyofanywa na ndege ya kivita. Tofauti kati ya 1964 na 2018 si ya mitambo tu. Safari hii watu waliombwa.

USIKIMBILIE DIRISHANI

Somo lifuatalo linaweza kukuokolea macho, nami naomba ulisome kwa sauti nyumbani kwako.

Baada ya mwili kushtuka, akili hutaka kujua sababu, na miguu humpeleka mtu dirishani. Agosti 7, 1998, katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, mlipuko mdogo ulitangulia. Watu katika majengo ya jirani waliinuka, wakaenda madirishani kutazama. Kisha bomu kubwa likalipuka. Watu 213 waliuawa jijini, maelfu wakajeruhiwa, na wengi miongoni mwao walikatwa na vioo usoni na machoni. Wapo waliopofuka siku hiyo.

Februari 15, 2013, kimondo kilipita juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Mwangaza ulionekana kwanza, na watu wakasogea madirishani kushangaa. Mshindo ulichelewa, kwa kuwa sauti huenda polepole kuliko nuru. Ulipofika, ulivunja vioo vya mji. Watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa majeraha ya vioo.

Kwa hivyo ukiona mwangaza mkali usiouelewa, au ukisikia mlipuko wa kwanza, fanya kinyume cha kile miguu inachotaka. Ondoka dirishani. Inama chini ya meza au nyuma ya ukuta imara, fumba macho, funika uso kwa mikono. Ngoja dakika kadhaa. Walimu wawafundishe watoto hivyo hivyo. Na kipande cha kioo kikiingia jichoni, usikichomoe na usisugue. Funika jicho kwa kikombe safi cha karatasi bila kuligandamiza, umkimbize mgonjwa hospitalini.

NANI AMWONE DAKTARI?

Kushtuka ni afya. Hata hivyo, zipo hali ambazo kushtuka, au kutoshtuka, ni ishara.

Kwanza, mtoto mchanga. Katika miezi ya mwanzo, mtoto akisikia kishindo cha karibu hutupa mikono nje kisha huikunja kama anayekumbatia. Kwa kawaida tabia hii huisha kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Ikiwa mtoto wako hashtuki hata sufuria ikianguka karibu naye, mpeleke apimwe masikio mapema. Usingoje afike umri wa kuzungumza.

Pili, anayezimia. Yapo maradhi ya umeme wa moyo, ambayo hurithiwa katika familia, yanayoweza kuchochewa na sauti ya ghafla kama ya kengele ya saa au simu usiku. Mtu akizimia aliposhtuliwa na sauti, na hasa kama katika ukoo wao yupo kijana aliyefariki ghafla, apimwe moyo kwa mashine ya kuonyesha mapigo. Asipelekwe kwa mganga.

Tatu, anayeishi na kovu la moyoni. Walionusurika mlipuko wa 1998, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, au shambulio la Westgate mwaka 2013, wanaweza kubaki wakishtuka kupita kiasi kwa miaka. Mama mmoja niliyemhudumia, ambaye mwaka 1998 alikuwa akifanya kazi katikati ya jiji, hulala chini ya kitanda kila mkesha wa mwaka mpya kwa sababu ya fataki. Aliniambia hakuwahi kumweleza mtu, kwani aliona haya. Akipata ndoto mbaya, akiepuka mahali fulani, akiwa macho macho daima, mtu wa namna hii si mwoga. Ana ugonjwa wenye jina na tiba, ikiwemo ushauri nasaha na wakati mwingine dawa.

Nne, masikio. Sauti ya mlipuko wa karibu ikifuatwa na mlio sikioni usiokoma, kuziba, maumivu au damu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usitie mafuta wala matone yoyote.

Na kwa anayemuuguza mgonjwa wa pepopunda: kelele na mishtuko huweza kuamsha mikazo ya misuli. Ndiyo sababu tunamlaza katika chumba kimya. Wageni wakiombwa wanyamaze, wasione kama wamefukuzwa.

SHERIA INASEMAJE?

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitikisiko zinaweka kiwango cha sauti nje ya nyumba katika mtaa wa makazi kuwa desibeli 50 mchana, na 35 usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa wafanyakazi, kanuni za mwaka 2005 zinakataza kelele zinazozidi desibeli 90 kwa saa 8, au kilele cha desibeli 140 wakati wowote. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Basi malalamiko yanaweza kupelekwa katika ofisi ya mazingira ya kaunti au kwa NEMA.

Lakini lalamiko lisilo na kumbukumbu huwa maneno matupu. Fanya kama watafiti wafanyavyo. Chukua daftari, na kwa siku 7 andika mambo manne: saa, sauti yenyewe, mwili wako ulifanya nini, na ilichukua muda gani kutulia au kurudi usingizini. Waombe wengine nyumbani waandike yao bila kutazamiana, kuanzia mwanafunzi hadi nyanya. Mwisho wa wiki linganisheni. Mtaona kwamba chini ya paa moja mnaishi katika mitaa tofauti. Daftari hilo mpelekee daktari, na likibidi mpelekee afisa.

JIPIME

1. Kwa nini mshindo hushtua ilhali kupanda ghorofa hakushtui, wakati mabadiliko ya hewa yanakaribiana?
2. Katika Oklahoma City, je, watu walizoea?
3. Umeona mwangaza mkali angani. Utafanya nini?

Majibu: (1) Kwa sababu ya ughafla. (2) Waliosema wanaweza kuvumilia walipungua hadi asilimia 73. (3) Utaondoka dirishani, utainama na kufunika uso.

Msomaji mpendwa, jirani yako akikuomba upunguze redio, au timbo likitoa onyo kabla ya kulipua baruti, kumbuka ile robo ya Oklahoma City. Huenda wewe uko katika ile sehemu inayovumilia. Mshukuru Mungu kwa hilo, kisha mfikirie aliye upande wa pili wa ukuta. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia masikio ya wanafunzi na vipaza sauti vinavyochomekwa sikioni. Hadi hapo, lala salama.